Mkurugenzi aliyeajiriwa kwa ajili ya simu yake

Naanza na barua. Mei 2023 kampuni moja ya kukamua alizeti, kiwanda kiko huku kanda ya kati ila makao makuu Dar, iliandika kurasa mbili kuomba ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje upandishwe, ikapelekwa kwa mkono mpaka Mtumba, huku Dodoma ziliko wizara, na aliyeipeleka ni mtu ambaye miezi mitano nyuma alikuwa na ofisi eneo hilohilo, ofisi yenye kapeti na katibu muhtasi na vijana wanaosimama akipita. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikapewa namba. Basi. Bajeti ikasomwa Juni hakuna jibu, na simu alizowapigia watu aliofanya nao kazi miaka 20 ziliita mpaka zikachoka.

Mwenyewe kanipa ruhusa niandike. Nilikuwa afisa chini yake miaka minne kabla sijaacha serikali na kuanza vibarua vyangu vya ushauri, kwa hiyo sijifanyi hakimu asiyemjua mshtakiwa, nampenda huyu mtu. Jina lake sisemi, wizara sisemi, kampuni sisemi, na vitu vidogovidogo nimebadilisha ili asijulikane. Nitamwita Mzee maana ndivyo tulivyozoea idarani, na mwenye kampuni nitamwita Tajiri maana kiwandani wote wanamwita hivyo, hata mbele yake.

Mzee aliingia serikalini 1992. Huo mwaka ushike. Februari 1991 chama kilikaa Zanzibar kikalegeza yale masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, yale ya 1967 yaliyokuwa yanamkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa mkurugenzi kwenye kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, hata kumiliki nyumba ya kupangisha. Yaani kundi lake ndo la mwanzo mwanzo kuingia ofisini bila lile katazo kichwani, lakini wazee waliomfundisha kazi walikuwa wameishi nalo robo karne. Kwa wale wazee mtu akitoka wizarani kwenda "kampuni" maana yake alikwenda shirika la umma. Amon Nsekela alitoka kuwa Katibu Mkuu Hazina akaenda kuongoza Benki ya Taifa ya Biashara ilipoundwa 1967 baada ya mabenki kutaifishwa, 1974 akaenda London kutuwakilisha, miaka ya 80 akarudi tena kuongoza benki ileile. Kiti kinabadilika, mwajiri ni yuleyule, anayepiga simu na anayeipokea wote wanalipwa na mfuko mmoja. Sasa hiyo benki yenyewe iligawanywa 1997 na mwaka 2000 ABSA ya Afrika Kusini ikanunua hisa nyingi, kwa hiyo ule mlango wa zamani hata haupo tena. Leo ukihama umehama kweli. Mzee alilijua hilo kwa kusoma, ila mwilini alikuwa bado na mazoea ya wale wazee, na nadhani hapo ndo shida ilipoanzia.

Kwa nini Tajiri alimtaka? Jibu ni Dodoma. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu 1973 na ukakaa zaidi ya miaka 40 watu wa Dar wanautania, mpaka Julai 2016 Magufuli aliposema serikali yote inahamia, na safari hii ikahama kweli. Waziri Mkuu akaja mwaka huohuo, mwaka uliofuata CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikavunjwa, 2018 Dodoma ikawa jiji, wizara zikajengewa Mtumba huko nje ya mji. Kwa mwenye kampuni wa Dar hiyo ilikuwa balaa. Zamani ukiwa na shida na wizara unavuka barabara pale Posta unaingia, sasa ni kilomita kama 450, unapanda basi alfajiri, unafika umevimba miguu, unalala lodge Area D au Kisasa, kesho yake unakwenda Mtumba unaambiwa bosi yuko Dar kikazi. Treni ya SGR ilikuwa bado, abiria walianza kuja nayo mpaka huku 2024. Ndo maana kampuni nyingi zikaanza kutafuta kinachoitwa "mtu wa Dodoma". Wengine walifungua kaofisi na kumweka kijana wa kupeleka barua. Tajiri akaona bora mtu mzima, tena mkurugenzi, aliyekaa vikao vyote.

Na Mzee kwa nini alikubali? Alichoniambia ni pesa. Alikuwa na miaka 56, kuondoka kwa hiari kunaruhusiwa kuanzia 55 na lazima ni 60, na Julai 2022 kikokotoo kipya, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, kilikuwa kimeanza. Kwa wasiojua kilivyokuwa kinafanya kazi wakati huo chukua mshahara wa mfano, si wake, milioni 4 kwa mwezi, na utumishi wa miezi 360. Milioni 48 za mwaka unazidisha kwa 360 unagawa kwa 580, unapata kama 29,793,000, hiyo ndo pensheni ya mwaka. Asilimia 33 yake ukizidisha mara 12.5 ndo mkupuo, hela unayopewa mara moja ukistaafu, kama milioni 122.9, na asilimia 67 iliyobaki ukigawa kwa 12 ni kama milioni 1.66 ya kila mwezi mpaka Mungu akuite. (2024 mkupuo wa kundi lake ulipandishwa ukawa asilimia 40, ila hiyo ni stori ya baadaye.) Sasa kutoka milioni 4 kuja 1.66 huku una mtoto yuko Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka wa pili na mwingine anataka udaktari, hesabu inajisema yenyewe, na Tajiri alikuwa anatoa karibu mara tatu ya mshahara wa serikali.

Ila mimi nilikuwepo idarani, na nilichokiona ni kingine. Mwaka huo aliletwa bosi mpya juu yake, kijana, mtu ambaye Mzee ndo aliwahi kumfundisha kuandika dokezo sabili, ile karatasi ya maelezo ya ndani ya ofisi kwenda kwa mkubwa. Hakulalamika hata siku moja. Ila nilianza kumuona anachelewa kutoka vikaoni, anabaki amekaa peke yake anakusanya karatasi polepole. Desemba 2022 akaandika barua ya kustaafu kwa hiari, akajaza tamko lake la mali na madeni la kumalizia utumishi kama sheria ya maadili ya 1995 inavyotaka, akakabidhi gari la serikali lenye namba za STL, na Februari 2023 akaanza kazi kwa Tajiri kama Mkurugenzi wa Mahusiano ya Serikali.

Mkataba wa miaka miwili, na maelezo ya kazi yalikuwa ukurasa mmoja. Nimeuona. Neno "kuimarisha mahusiano" limetokea mara nne, neno "barua" halimo, neno "takwimu" halimo. Mtu aliyewahi kurudisha majalada yangu mara tatu kwa sababu ya koma alisaini ule ukurasa bila kuuliza swali hata moja.

Basi Aprili ikafika na Bunge la bajeti likaanza. Anayeishi Dodoma anajua mji unavyokuwa miezi hiyo mitatu, lodge zinapanda bei, mashangingi yanapanga foleni, kila mwenye shida na serikali yuko mjini. Tajiri naye akaja, akapanga hotelini wiki nzima, kila asubuhi swali ni moja, "Umeongea nao?" Mzee akapiga simu. Alinionyesha baadaye kwenye simu yake, ni zaidi ya 40 ndani ya siku tisa, waliopokea wawili, mmoja akasema yuko kikaoni atampigia na mwingine akamuulizia hali ya mama watoto wakaagana.

Wengi wakisikia hapa wanasema binadamu hawana shukrani, ukitoka tu kwenye kiti hawakujui. Mimi siamini hivyo, au tuseme siamini kwamba ndo sababu kubwa. Nimekaa upande ule. Msimu wa bajeti afisa akionekana anakula chakula cha jioni na mstaafu anayetumikia kampuni yenye ombi la kodi mezani, kesho yake kuna mtu atauliza, na sheria ya rushwa ya 2007 hairuhusu kujibu kwamba "alikuwa bosi wangu". Ila hata hofu tuiweke pembeni. Tuseme afisa ana moyo mweupe na anataka kumsaidia Mzee kwa nguvu zote, ataandika nini kwenye dokezo? Kwamba Mzee amepiga simu? Serikalini jambo lisilo na karatasi halipo, halina namba, halina pa kukaa, mtu akihamishwa kesho limekufa naye. Simu inaweza kumwambia mtu kuna karatasi inakuja, au kumkumbusha iko wapi, lakini haiwezi kuwa karatasi yenyewe, na ile karatasi yao ya kurasa mbili ilikuwa tupu. Ilisema "mafuta ya nje yanaua viwanda vya ndani" na kuomba serikali "iangalie suala hili kwa jicho la huruma". Jicho la huruma! Afisa anapeleka wapi hilo?

Halafu kalenda. Mapendekezo ya kodi ya mwaka ujao yanaanza kukusanywa miezi mingi kabla, mwaka wa nyuma haujaisha. Na ushuru wa forodha si wa Tanzania peke yake kubadili, uko kwenye Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki, mawaziri wa fedha wanakutana kabla ya bajeti wanakubaliana nani anaomba kwenda tofauti, inatangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya, Julai mosi inaanza. Kwa hiyo barua inayofika Mei ni barua ya mwaka kesho, hata ingeandikwa na malaika.

Sasa jamani hii kalenda Mzee aliijua kuliko mtu yeyote pale kiwandani, aliitumikia miaka na miaka, ni yeye aliyekuwa anatuambia barua za Mei weka kwenye lile jalada la "tutaona". Nikamuuliza, sasa Mzee uliibebaje? Akakaa kimya, akasema, "Mdogo wangu, nilidhani kwangu itakuwa tofauti."

Mwisho wa Juni Tajiri alimchukua wakaenda Msalato, Jumamosi siku ya mnada, nyama ikiwa inachomwa akamuuliza jambo alilokuwa ameliweka moyoni muda mrefu. Kwamba wewe Mzee si ulikuwa unaziona taarifa za wenzetu? Uwezo wa viwanda vyao, wanaagiza mafuta ghafi kiasi gani, wana madeni gani, hizo zote si zilipita mezani kwako? Ni kweli zilipita. Mzee akasema zilipita na zimebaki hukohuko. Tajiri akacheka akidhani ni njia ya kupandisha bei. Akauliza tena. Mzee akaacha kula.

Hapa nataka nikae kidogo. Mtu wa ngazi ile akitoka serikalini anakuwa amebeba vitu vya namna tatu, na sheria inavitazama tofauti hata kama kichwani vimechanganyika. Kuna watu anaowajua. Kuna yaliyomo ndani ya majalada, siri za watu na za serikali, na hizo ukizitoa sheria ya usalama wa taifa ya 1970 inakusubiri, achilia mbali maadili ya viongozi yanayokutaka usijinufaishe isivyostahili na cheo ulichokwisha kukiacha. Halafu kuna kujua kazi inavyokwenda, jalada linaanzia masijala gani, nani ni Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa hela za ofisi, fungu gani linahusika, ombi gani linahitaji sheria ibadilike na lipi linaisha kwa saini ya mkurugenzi. Hii ya tatu haina siri, iko kwenye sheria na miongozo na magazeti ya serikali, yeyote anaweza kusoma, tatizo hasomi mtu. Tajiri alinunua ya kwanza, ikaonekana haina betri. Akataka ya pili, akanyimwa. Ya tatu hakujua kama ipo, na mwenye nayo hakujua kama inauzika.

Kwa kukataa pale Msalato nampa Mzee heshima yake yote. Lakini namlaumu kwa jambo moja, na nimemwambia usoni. Yale maneno ya Msalato yalitakiwa kusemwa Januari siku ya mazungumzo ya kazi. Alinyamaza kwa sababu alijua akisema, ofa itashuka. Aliacha mtu anunue kitu ambacho yeye hana mpango wa kukitoa. Alinijibu kwamba hakuulizwa. Hilo ni jibu la mtu aliyekaa sana mbele ya wakaguzi.

Angeweza kufukuzwa hapo. Kilichomwokoa ni bahati tu, meneja wa kiwanda aliacha kazi Agosti katikati ya msimu wa kununua na Tajiri hakuwa na mtu mwingine anayelipwa ambaye yuko karibu. Akamwambia nenda kakae pale uangalie mali yangu. Ilikuwa kama adhabu. Kutoka Kisasa mpaka kiwandani ni vumbi, hakuna dereva, anaendesha mwenyewe kile kigari cha mama.

Na huko akaboronga vizuri tu. Septemba beringi ya ekspela kubwa, mashine ya kukamulia, ikafa saa nne asubuhi. Fundi akaja ofisini anataka hela akanunue mjini, laki tatu na kitu. Mzee akamwambia alete kotesheni tatu. Fundi akadhani ni utani. Zikatafutwa kotesheni tatu, duka la tatu likatoa kesho yake, Mzee akaandika dokezo kwa Tajiri akiambatisha zote na kupendekeza ya bei ya kati, Tajiri alikuwa safarini. Siku tatu mashine imelala, malori ya alizeti yamepanga foleni nje, wakulima wanalala chini ya magari na wengine wakageuza wakauza kwingine. Kwa laki tatu! Siku ya nne Tajiri alivyotua alimpigia simu akamtukana kwa lugha ambayo Mzee hajatukanwa nayo tangu aajiriwe. Nikimtetea kidogo, serikalini zile kotesheni tatu zilimlinda miaka 30, ukinunua bila nazo mkaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakuandikia hoja na hoja inakufuata mpaka kwenye pensheni. Ukichelewesha mashine siku tatu hakuna anayekuandikia hoja. Kule kosa ni kutumia hela vibaya, huku kosa ni muda, na hakuna mtu anayekupa semina ya kuvuka kutoka huko kuja huku. Jioni ileile akaweka petikashi ya fundi mkuu, nunua kwanza leta risiti kesho, mpaka kiwango fulani, na akaagiza beringi za akiba za kila mashine. Tangu hapo mashine hazijalala kwa sababu ya karatasi.

Lakini hiyohiyo roho ya masijala ndo ikamfanya aone kitu ambacho wenzake hawakukiona. Alikaa na ledja ya stoo wiki moja akaanza hesabu ya darasa la saba. Zimeingia tani ngapi za mbegu, zimetoka lita ngapi za mafuta, na kilichobaki kiko wapi? Mbegu ya kawaida, hii Record wanayolima wengi huku na Singida, ukiikamua kwa ekspela unategemea robo mpaka thuluthi ya uzito iwe mafuta, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni mashudu, na mashudu ni mali, wafugaji wanayagombania na malori yanakuja kuyafuata kutoka mbali mpaka Kenya. Kwenye vitabu mafuta yaliandikwa vizuri. Mashudu yaliandikwa siku Tajiri akiwepo. Sitaeleza nani alikuwa anafanya nini maana si kisa chake, ila ndani ya mwezi mmoja mauzo ya mashudu kwenye vitabu yaliongezeka kwa hela iliyozidi mshahara wa Mzee. Tajiri akaacha kutukana. Kumbe alikuwa ameajiri mkaguzi bila kujua.

Baada ya hapo ndo akapewa nafasi ya kuandika barua yake mwenyewe. Ikaenda Novemba 2023, na nilisaidia kuipiga chapa kwa hiyo naijua neno kwa neno. Kurasa sita na viambatisho. Haikusema "mafuta ya nje", ilitaja vifungu vya forodha, 1511 kwa mawese na 1512 kwa alizeti, ghafi na yaliyosafishwa mbalimbali, ikakumbusha kwamba bajeti ya 2018/19 iliweka asilimia 25 kwa ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa, na nini kilifuata baada ya hapo kwenye bei ya gunia kwa mkulima. Iliweka takwimu za kiwanda zote bila aibu, tani walizonunua, mashine ina uwezo wa kufanya kazi mwaka mzima lakini inakimbia miezi michache kwa sababu mbegu zinaisha, watu wangapi wanarudishwa nyumbani mashine zikizimwa. Na kilichonifurahisha zaidi, ukurasa wa tano aliandika hoja ya upande wa pili. Kwamba ushuru ukipanda mama wa Majengo anayenunua mafuta ya kupima atalipa zaidi, kwamba uzalishaji wa ndani hautoshi mahitaji ya nchi, na akapendekeza namna ya kupunguza makali. Tajiri aliuona huo ukurasa akapiga kelele, unawapa maadui silaha! Mzee akamwambia silaha wanayo tayari, afisa atakayepokea hii barua lazima aulizwe swali hilo na bosi wake, mimi nimemwandikia jibu ili asihangaike, kazi yake ibaki kunakili.

Afisa ana mafaili 60 mezani, analishughulikia lile ambalo anaweza kulihamishia kwenye dokezo lake bila kupigia watu simu kuuliza. Hiyo Tajiri asingeipata kwa chakula cha jioni hotelini. Barua ilienda kwa pamoja na wakamuaji wenzao, nakala wizara zote zinazohusika, kwa njia ya kawaida kabisa, kupitia masijala. Mzee hakuingia hata getini. Alimtuma kijana, akamwambia usirudi bila muhuri na namba.

Jibu lilikuja likiwa na Kumb. Na. yake, na Januari wakaitwa kikaoni. Maombi yalikuwa matatu. Moja lilikataliwa kwa maandishi na sababu ikaelezwa, la pili likachukuliwa kufanyiwa kazi pamoja na ya wengine, na la tatu, ambalo Tajiri alikuwa analilalamikia miaka miwili kama ushahidi kwamba serikali inamchukia, liliisha mchana mmoja, kumbe kampuni ilikuwa inajaza fomu isiyo yao. Ushindi mdogo huo, najua. Lakini nenda kaulize wenye viwanda wangapi wamewahi kukataliwa kwa maandishi na sababu juu, wengi wanakaa tu na ukimya.

Machi 2024 akafanywa Mtendaji Mkuu. Mauzo hajui mpaka leo, anaongea na mwenye duka la jumla kama anahojiwa na kamati ya Bunge, kwa hiyo akamwachia kazi hiyo dada mmoja wa Singida anayejua bei ya dumu la lita 20 kila mji mpaka Tabora. Mkataba wake wa kwanza uliisha mwanzoni mwa 2025 na wa pili una kurasa 11, aliuandika mwenyewe. Kifungu kimoja kinasema hatapiga simu kwa niaba ya kampuni kwenye idara aliyotoka. Tajiri alisaini, akaguna, akasaini.

Mwaka huohuo mwenzake wa wizarani, wa rika lake, naye akastaafu akaja kuomba nafasi. Mzee akamkaribisha chai, akampa rasimu ya mkataba wenye kifungu kilekile. Yule bwana akasoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Sasa mnaniajiri wa nini?" Wakacheka wote, chai ikaisha, na nafasi mpaka leo iko wazi.

Mimi mwenyewe mwezi uliopita nilikuwa na malipo yangu ya ushauri yamekwama ofisi moja hapa mjini, miezi saba, na mkubwa wa pale ni mtu wake kabisa, walisoma pamoja. Nikamfuata Nzuguni sokoni tukiwa tumeinama kwenye nyanya, nikamwambia Mzee naomba umpigie tu huyu bwana, neno moja.

Akaendelea kuchagua nyanya. "Barua yako ya madai ni folio namba ngapi?"

Nikamwambia kusema kweli, barua sijaandika.